Mluzi Nisiousikia

Mwalimu alirudisha flashi ya nyimbo Jumanne asubuhi. Aliiweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, lakini kwaya ya kanisa lao kule Khunyangu aliendelea kuiongoza. Mimi ndiye niliyewarekodi tangu mwanzo, katika chumba changu kimoja nyuma ya maduka ya Busia. Kuta za chumba hicho nilikuwa nimezifunika kwa magodoro makuukuu ili ngurumo za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda zisiingie ndani ya nyimbo za watu.

"Nyimbo ni nzuri, fundi," alisema. "Lakini zinakata."

"Zinakwama?"

"Hazikwami. Zinakata masikio. Tukifika pale kwa 'msalaba', ile s inatoka kama nguo inapasuliwa. Wajukuu wangu wanatoka nje nikiziweka."

Nilimuuliza anazisikilizia kwa redio gani. Aliponieleza, nikamwambia shida ni hiyo redio, spika zake ni ndogo mno, atafute mtu mwenye spika za maana asikilizie huko. Alinitazama kidogo, akasema sawa, akachukua mkoba wake akaenda. Flashi aliiacha pale pale.

Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Wakati ule nilikuwa nachoka kila siku, na mtu akichoka hivyo huona kila swali kama mzigo mwingine wa kubeba. Hata hivyo maneno yake hayakuniacha. Nilifungua wimbo wa kwanza na kuusikiliza mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi haukuwa unakata hata kidogo. Ulikuwa umefifia, kana kwamba kwaya nzima imejifunika blanketi. Nilikuwa nimeshapandisha sauti za juu za kila mwimbaji, mmoja mmoja, na bado blanketi halikutoka.

Na si kwaya hiyo peke yake. Kazi zangu zote za mwaka huo na mwaka uliotangulia zilikuwa hivyo. Nilibadilisha spika za studio. Nilibadilisha hedifoni. Nilihamisha meza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nikayalaumu magodoro, nikalaumu umeme wa Busia unaopanda na kushuka. Kitu kimoja tu sikuwahi kukilaumu.

Kwa asiyejua kazi yetu, ikwalaiza ni ile safu ya vitufe vya kusukuma juu na chini inayogawanya sauti vipande vipande. Kushoto kuna sauti nzito, za ngoma na za wanaume wanaoimba besi. Katikati ndipo wengi wetu tunapoongelea. Kulia kabisa kuna zile nyembamba: s na sh na t, mchakacho wa kayamba, pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya neno. Ukipandisha kitufe, kipande hicho kinasogea mbele. Ukikishusha, kinarudi nyuma.

Vitufe ni vile vile, lakini nimevitumia katika kazi mbili zisizofanana. Uwanjani, kwa mazishi au mkutano wa injili, unafika asubuhi kabla tenti hazijafungwa. Hujui kama utawekwa chini ya mabati, chini ya tenti au katikati ya migomba. Spika zinapiga, maiki inajisikia yenyewe ndani ya spika hizo, na mluzi unaanza. Kwa hiyo uwanjani ikwalaiza ni ya kushusha zaidi kuliko kupandisha. Unatafuta pale panapotaka kupiga mluzi, unapakandamiza kabla waombolezaji hawajakaa. Uzuri wa sauti utaufikiria ukipata nafasi. Watu wanataka kusikia historia ya marehemu na kujua chakula kiko upande gani. Ukikosea, umekosea mbele ya mamia ya watu, wanageuza vichwa vyao kwa pamoja, unarekebisha, na Jumapili hakuna anayekumbuka.

Studio hakuna wa kugeuza kichwa. Unakaa na sauti moja tangu asubuhi, unapunguza ukwaruzo kidogo, unaongeza mwanga kidogo, unasikiliza, unarudi ulikotoka. Mstari mmoja wa wimbo unaweza kumaliza siku. Na ulichokifanya kinabaki. Mtu atakiweka jikoni kwake miaka kumi baadaye akichambua mboga, na kosa lako litakuwa pale pale. Nilipokuwa kijana nilipenda studio kuliko uwanja kwa sababu hiyo. Sikufikiria kwamba uwanjani nilikuwa na masikio ya watu wote, na studioni nilikuwa na haya mawili tu.

Haya mawili yalikuwa yamesimama kando ya spika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wiki tatu hivi baada ya Mwalimu kurudisha flashi, kaka yake mkubwa alifariki. Nilimfahamu mzee huyo. Alikuwa anaimba besi katika kwaya ile ile, na kwenye rekodi nilizokuwa nimezifanya sauti yake ilikuwemo. Alikuwa mrefu, mpole, na studioni nilikuwa nikimsimamisha mbali na maiki, karibu na mlango, kwa sababu sauti yake ilijaa chumba. Aliugua muda mfupi tu. Kanisa likanipigia simu: tunakuhitaji kwenye mazishi, kwao Marachi, Jumamosi.

Nilifika bomani kwa marehemu mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na tulivuta spika kwenye matope, mimi na dereva wa pikapu, hadi mgongo ukakataa kunyooka. Niliweka meza yangu ya mitambo chini ya tenti ya pembeni, jenereta nikaificha nyuma ya jiko la nje, nikajaribu maiki. "Moja, mbili." Kila kitu kilikuwa kimya na safi. Nilifurahi hata. Siku za mazishi huwa napigana na mluzi kwa nusu saa nzima, na siku hiyo sikuusikia kabisa.

Mwalimu alipita akielekea kwa jamaa zake. Nilimpa pole. Akanishika mkono, akasema, "Asante kwa kuja, fundi." Habari za flashi hakuna aliyezigusa.

Kwaya iliimba. Nafasi ya mzee ilikuwa imeachwa wazi kwenye mstari wa nyuma. Kisha mshereheshaji akamwita binti wa marehemu aje asome maneno ya watoto. Alikuwa mama wa makamo, na sauti yake ilikuwa ndogo. Maneno yake yalikuwa yananifikia bila kingo. Nikafanya nilichokuwa nikifanya studioni muda wote huo. Nikapandisha upande wa kulia. Bado. Nikapandisha tena.

Watu waliziba masikio.

Niliona mikono ikipanda tenti nzima. Mtoto mmoja akaanza kulia kwenye mapaja ya bibi yake. Mchungaji alisimama, akawa anapunga mkono upande wangu. Wazee wawili wa mbele walifunika vichwa kwa makoti, na hapo nikafikiri ni nyuki. Nakumbuka niliangalia juu, kwenye miti, nikitafuta nyuki. Nilikuwa naona bomani pote watu wakihangaika na mimi nimesimama katika utulivu, nasikia jenereta, nasikia sauti ndogo ya yule mama, na nyuma yake ule mlio mwembamba uliokuwa umeishi ndani ya masikio yangu kwa muda mrefu hivi kwamba nilikuwa nimeacha kuutilia maanani.

Mwalimu aliinuka kwenye viti vya familia. Alivuka uwanja kwa nguo zake za msiba, hakukimbia, akafika kwenye meza yangu na kunyoosha mkono. Miaka yote ya studio alikuwa akinitazama nikifanya kazi, kwa hiyo alijua kitufe cha sauti kuu kiko wapi. Akakivuta chini hadi mwisho.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Husikii?"

"Nasikia nini?"

Aliniangalia usoni. Nafikiri alikuwa amejiandaa kunigombeza, kisha akabadilisha nia.

"Inapiga mluzi, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Inapiga mluzi tangu alipoanza kusoma."

Binti aliiacha maiki. Watu waliokaa nyuma walibeba viti vyao wakasogea karibu, na yeye akaanza upya, akasoma ukurasa wote kwa sauti yake ya kawaida. Kule nilikosimama sikuambulia neno hata moja. Niliona midomo yake ikitembea, niliona watu wakitikisa vichwa, mahali fulani wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka wakikumbushwa tabia ya marehemu. Nilishika ukingo wa meza nikatazama chini. Baadaye nilimwomba kijana wa kanisa aliyekuwa akipiga kinanda anisaidie kushusha sauti za juu, aniambie tu lini inatosha. Tulimaliza ibada hivyo. Hakuna aliyenilaumu. Waliniletea chakula kama kawaida, na mchungaji akasema mitambo ni mitambo tu.

Nyumbani nilikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nikamweleza mke wangu, yeye akikunja vitenge vyake vya kupeleka sokoni. Hakuacha kukunja.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Simu yako inalia mezani na wewe umekaa hapo hapo. Ndiyo maana nikitaka kukuambia kitu nakuja mbele yako. Hujaona siku hizi sikuiti nikiwa jikoni?"

"Mbona hukuniambia?"

Aliweka kitenge juu ya vingine. "Ningekuambia aje? Masikio yako ndiyo shamba letu. Nilikuwa naogopa."

Mimi pia nilikuwa naogopa, tofauti ni kwamba yeye aliijua hofu yake na mimi yangu nilikuwa nimeigeuza kuwa magodoro na spika na umeme.

Tulikwenda hospitali pamoja. Dada aliyenipima alikuwa mtu mchangamfu. Alinikalisha kwenye kijumba kidogo, akanivika hedifoni, akanipa kitufe mkononi. "Mzee, ukisikia mlio wowote, hata mdogo, bonyeza." Milio mizito ilikuja na nikabonyeza. Ya katikati ikaja, nikabonyeza. Kisha kukawa kimya. Nilidhani mashine imesimama. Nilimtazama kupitia kioo nikaona vidole vyake bado vinafanya kazi, anazungusha, ananitazama, anaandika. Nilikaa nikitazama kidole changu gumba juu ya kitufe, na hakikuwa na sababu ya kushuka.

Aliponionyesha karatasi alianza kunieleza kwa utaratibu, hapa ni sauti nzito, hapa ni sauti nyembamba. Nikamwambia asijisumbue. Nilikuwa nimechora mistari ya namna hiyo maisha yangu yote. Mstari wangu ulianza vizuri kushoto, ukatembea sawa hadi katikati, halafu ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Nilipoutazama nikaona kazi zangu zote za miaka miwili. Pale mstari ulipoanguka ndipo nilipokuwa nikipandisha vitufe. Nilikuwa nimewarekodia watu masikio yangu, nikawarudishia nyimbo zilizorekebishwa ili mimi nizisikie.

"Inaweza kupandishwa?" nilimuuliza.

"Kilichoenda hakirudi, mzee. Tunalinda kilichobaki." Akanieleza habari za vifaa vya kuvaa sikioni, na akanionya kuhusu kusimama karibu na spika. Nilimwambia kazi yangu. Akasema, "Basi simama mbali."

Safari ya kwenda Khunyangu niliifanya Jumatatu iliyofuata. Nilimkuta Mwalimu akianika mahindi. Alinipa kiti, akaleta chai na viazi vitamu, na akasubiri ninywe kwanza, kama wanavyosubiri watu wa kwetu. Nilimweleza yote: hospitali, karatasi, mstari. Nilimwambia redio yake haikuwa na kosa lolote.

"Nilijua redio haina kosa," alisema. "Nilifikiri ni wewe umetuchoka."

"Nimechoka, Mwalimu. Lakini si nyinyi."

"Sasa utafanya aje?"

"Nataka kuzirudia nyimbo zenu. Waimbaji wasije, sauti zao ninazo kama zilivyoimbwa. Ni kuondoa tu nilichoongeza. Lakini siwezi kuondoa peke yangu. Sijui pa kuishia."

Alikuja studio siku mbili mfululizo. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikakaa cha pembeni na mkono kwenye vitufe. Tulianza na wimbo wa kwanza. Nilishusha upande wa kulia kidogo.

"Bado," alisema.

Nilishusha tena.

"Bado inachoma."

Kila niliposhusha, kwaya ilienda mbali nami. Maneno yalianza kupoteza kingo, kisha yakabaki kama mlio tu wa watu wanaoimba ng'ambo ya kilima. Ilinibidi nishike mkono wangu usirudi juu. Kwa miaka mingi, kusikia vibaya kulimaanisha nipandishe. Sasa nilikuwa naharibu wimbo kwa masikio yangu na kuutengeneza kwa masikio ya mtu mwingine, na nilipaswa kumwamini.

"Ngoja," alisema ghafla. "Hapo. Usiguse."

Nilimwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huyo ni kaka," alisema.

Mimi pia nilimsikia. Besi yake nilikuwa na uwezo wa kuisikia vizuri kuliko chochote kilichobaki duniani, lakini nilikuwa nimemfunika kwa mchakacho wote ule nilioumwaga juu ya kwaya. Sasa alikuwa amesimama pale karibu na mlango, sauti yake ikipita chini ya wengine wote bila haraka. Mwalimu alitoa kitambaa akafuta uso. Wimbo ulipoisha aliomba niurudie. Nikaurudia. Nje lori lilikuwa linanguruma, na mara hii sikujali kama limeingia au halikuingia.

Tulimaliza nyimbo zote kwa namna hiyo. Siku ya pili alikuwa mkali zaidi yangu: alinisimamisha kwa pumzi moja ya mwimbaji wa sauti ya kwanza, akanirudisha kwa neno moja ambalo alisema limekatwa mkia. Angeweza kuwa fundi. Nilimwambia hivyo, akasema ametosheka kufundisha watoto kusoma.

Baada ya hapo nilianza kuwaambia wateja ukweli kabla ya kazi. Nilifikiri wengi watakimbia. Wachache walikimbia, nami siwalaumu. Mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, aliyetaka tangazo la duka alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole, ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, akaenda kwa mwingine. Kazi za studio sasa nazipokea kwa sharti moja, kwamba anayerekodi aje na mtu wake wa kusikiliza, naye akae kwenye kiti cha katikati. Nyingine nampelekea dada mmoja mpiga kinanda aliye na studio yake Malaba. Masikio yake ni mazuri na anayalinda, hata kwenye harusi huvaa vizibo vya masikio na watu humcheka.

Uwanjani bado naenda. Nimejifunza kuusoma mluzi kwa macho. Simu yangu ina programu inayochora sauti kama nguzo zinazopanda na kushuka, na nguzo moja ikichomoka upande wa kulia na kukataa kuteremka, najua huo ni mluzi, naukandamiza. Nafanya hivyo kabla watu hawajafika. Si kazi ninayojivunia. Inafanana na kuonja mchuzi kwa kuangalia rangi yake.

Mwezi uliopita nilikuwa Malaba kwenye mkutano wa injili, uwanja ulio karibu na barabara, foleni ya malori imefika hadi mahali tulipokuwa tumefunga tenti. Breki zao za upepo zilikuwa zinapuliza kila dakika na vumbi likiingia kwenye mitambo. Kabla ya ibada nilitembea kwenye viti nikatafuta mtu wa kunisaidia. Nilimpata mama mmoja wa Kiteso, muuza mihogo, aliyekuwa amewahi kiti cha mbele.

"Mama, naomba kitu. Sauti ikikuumiza, inua mkono hivi. Mimi nitakuwa pale."

"Wewe huwezi kusikia mwenyewe?"

"Nyingine nasikia. Zile nyembamba hapana."

Alifikiria. "Na wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye."

"Haya," alisema, akasogeza kapu lake chini ya kiti ili apate kuniona vizuri.

Ibada ilichukua mchana mzima. Aliinua mkono mara nne, na mara moja aliuinua kimakosa akifukuza nzi, nikashusha sauti katikati ya maombi. Mhubiri alinigeukia. Nikapandisha tena. Jioni nilipoanza kukunja waya, magoti yalikuwa yanauma na koo limejaa vumbi. Yule mama alipita na kapu lake tupu kichwani, akanisemesha kitu. Malori yalikuwa yamewasha injini na sikukipata. Nikaweka waya chini, nikamfuata hatua chache hadi nikawa mbele yake, nikamwomba arudie.

"Nimesema mlio wako leo ulikuwa sawa," alisema. "Lakini yule mhubiri anaongea sana."